Weka chini hiyo chupa ya asetoni

Funika chupa hiyo kwanza, ndugu, ndipo usome. Umeandika kwamba umepata kisanamu cha He-Man, yule shujaa wa vichezeo na katuni mwenye misuli, cha mwaka 1982 chenye miguu iliyolegea, kwamba aliyekimiliki kabla yako alikipaka rangi nyeusi kifuani, na kwamba usiku wa leo utaitoa rangi hiyo kwa asetoni, yaani dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ili ukipake upya. Nami nilifanya hivyo hivyo kwa kisanamu cha jamii hiyo hiyo, na nilichobaki nacho kabatini ni kichwa cha shujaa juu ya kifua cha mshumaa.

Kinachoniuma ni kwamba nilijaribu kabla ya kuanza. Nilisugua unyayo kwa pamba, uchafu wa rangi ukatoka, unyayo ukabaki salama, nami nikajiona mkemia. Sikujua kwamba visanamu vile havikuundwa kwa plastiki moja: kichwa, ambacho ni kitupu ndani, pamoja na miguu ni vya vinili laini inayobonyea, ilhali kiwiliwili ni cha plastiki ngumu ambayo asetoni haiisafishi bali huiyeyusha. Kifuani pamba iliteleza vizuri kwa sekunde chache, kisha ikaanza kunata na kuacha nyuzi zake, nami badala ya kukoma nikaongeza nguvu, nikidhani ni rangi inayong'ang'ania. Nilipoinua mkono, mistari ya misuli ilikuwa imefutika, na chini ya titi la kushoto palikuwa pamechapika alama ya kidole gumba changu, ambayo ipo hadi leo. Wageni wakiuliza, huwaambia kwamba shujaa huyu alisimama karibu mno na joka.

Aliyenipoteza ni bwana mmoja wa video, aliyesafisha kichwa peke yake, akatuonyesha kinavyong'aa, akasema sehemu nyingine zifanyiwe vivyo hivyo, kisha akaaga. Nilipomwandikia kumweleza yaliyonipata, alinijibu kwamba huenda nilitumia pamba mbaya. Pamba!

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: kila plastiki ijaribiwe peke yake, mahali pasipoonekana, na usubiri siku nzima kabla ya kuamua. Kwa kiwiliwili, mahali hapo ni ndani ya tundu la shingo. Kiinamishe kisanamu, ulowanishe kichwa tu katika maji ya moto kwa dakika chache, nacho kitachomoka kwa kuvutwa polepole; usizamishe mwili, kwani kiunoni mna springi ya chuma inayoweza kushika kutu. Katika kuitoa rangi, anza na maji ya vuguvugu na sabuni, na yakishindwa ndipo ujaribu alkoholi ya isopropili, ukiiepusha na macho na nyusi, kwa sababu huondoa hata rangi ya kiwandani. Wala usidanganywe na dawa ya kucha iliyoandikwa kwamba haina asetoni, kwa maana nyingi kati ya hizo hutumia ethili asetati, kiyeyushi kingine, na hiyo nayo huyeyusha plastiki ngumu.

Habari ya rangi ya kupaka upya tutaizungumza kesho, ukishanieleza tundu la shingo limeamkaje.