Spika za zamani na za kisasa: tazama amplifaya na kasha kwanza

Ndugu uliyeuliza kama uzitupe spika mbili za inchi 12 ulizoachiwa na baba yako ili ununue ndogo za kisasa, nakuomba usizitupe bado. Nimekarabati spika hapa Kisumu kwa miaka mingi, na wengi wanaoniletea swali hili huja wakati za zamani zimekwisha kuuzwa kwa bei ya vyuma chakavu.

Spika za enzi zile ziliundwa kwa ajili ya amplifaya za valvu (taa za kioo zilizotumika kukuza sauti kabla ya transista), ambazo nyingi zilitoa wati chache tu. Kwa kuwa nguvu ilikuwa haba, waundaji walitumia koni (ule uso wa spika unaotetemeka) nyepesi ya karatasi, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) fupi na sumaku kali, ili hata wati moja isipotee bure. Spika ya namna hiyo huweza kufikisha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 97 kwa wati 1, ikipimwa umbali wa mita 1, ilhali nyingi za kisasa za nyumbani hutoa kati ya 85 na 88. Kila desibeli 10 zinadai nguvu mara kumi, kwa hiyo sauti ambayo spika ya zamani inaitoa kwa wati 5, yenye desibeli 87 itaitoa kwa wati 50.

Ya kisasa nayo ina ubora wake, nami siupuuzi. Koni yake ni nzito zaidi, mara nyingi ya polipropilini (aina ya plastiki), ukingo wake ni wa raba, na koili yake ndefu husafiri mbele na nyuma milimita kadhaa bila kutoka ndani ya nguvu ya sumaku. Hapo ndipo besi nzito hutoka katika kasha dogo. Tangu kazi ya mhandisi Neville Thiele ya mwaka 1961, ambayo Richard Small aliiendeleza katika miaka ya 1970, ukubwa wa kasha hukokotolewa kutokana na vipimo vya spika yenyewe.

Somo hili nilifundishwa na redio ya gramafoni niliyoitiwa Nakuru, ya mbao, iliyo wazi nyuma. Mwenyewe alitaka spika mpya ya inchi 12, nami nikamfungia nzuri, ya bei. Tulipopiga benga, gitaa la besi lilisikika kama linapigwa chumba cha pili, na sauti yote ilikuwa hafifu. Spika ile ilihitaji kasha lililofungwa na amplifaya yenye nguvu, na pale haikupata hata kimoja. Nikairudisha ya zamani, nikamrudishia mzee fedha zake, na besi ikarudi mahali pake.

Kuhusu sumaku, wengi husifu alniko kana kwamba ina uchawi. Ni aloi ya alumini, nikeli na kobalti, na viwanda viliiacha kwa wingi baada ya bei ya kobalti kupanda kutokana na vita vya mkoa wa Shaba, nchini Zaire (Kongo ya leo), mwaka 1978, vikahamia feriti, yaani sumaku ya kauri. Mimi nimesikia spika nzuri sana za feriti.

Kinachoua spika za zamani mara nyingi ni ukingo wa sponji, ambao huoza na kumeguka kama keki kavu, hata kama spika haikupigwa. Ukingo wa karatasi yenye mikunjo au wa kitambaa hudumu miongo mingi, na wa sponji hubadilishwa bila kugusa koili.

Basi fanya hivi. Weka ncha za vidole vya mikono yote miwili kwenye koni, pande mbili zinazoelekeana, uisukume ndani taratibu kwa usawa huku umetega sikio karibu. Ikirudi kimya, koili iko katikati. Ukisikia mkwaruzo, koili imehama au imeungua. Kisha soma ukinzani ulioandikwa nyuma. Ukikuta omu 15 au 16, amplifaya yako ya kisasa ya transista haitadhurika, ila itatoa takribani nusu ya nguvu ambayo ingetoa kwenye omu 8, na kwa spika za desibeli 97 hiyo bado inatosha kujaza sebule. Niandikie ulichosikia, pamoja na urefu, upana na kina cha kasha, tuanzie hapo.