Mkataba wa kaboni wa miaka 40 kwenye malisho ya kijiji: nani anasaini, na anasaini nini?

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji wilayani Longido. Kampuni imekuja na mradi wa kaboni ya udongo kwenye malisho yetu, mkataba wa miaka 40. Wanatoa malipo ya awali kwa kila hekta, halafu baadaye tugawane mauzo. Halmashauri ilikaa, muhtasari umesainiwa na kugongwa muhuri, ila mkutano mkuu haujaitishwa. Cheti cha ardhi ya kijiji tunacho na mpango wa matumizi bora ya ardhi upo, lakini malisho hayana hatimiliki ya kimila. Laigwanani wetu, yaani kiongozi wa mila wa Kimaasai, anasema tukisaini, ardhi imekwenda. Kampuni inasema ardhi haiguswi. Nani mkweli? Na ule muhtasari una nguvu?

JIBU: Marahaba, ndugu mjumbe. Nianze na muhtasari maana ndio wenye haraka. Hautoshi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini, yaani mtunza mali ya wengine, na kinaikataza kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Wajumbe wa halmashauri hawazidi 25. Mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea.

Wanasheria wa kampuni watajibu kwamba mkataba wa kaboni haugawi ardhi, ni wa huduma tu. Hoja hiyo naifahamu na sikubaliani nayo. Sheria hiyohiyo, inapozungumzia kumpa mtu mwingine haki ya kutumia ardhi ya kijiji kwa eneo linalozidi hekta 30 au muda unaozidi miaka 10, inataka mkutano mkuu uamue baada ya kupata ushauri wa Kamishna wa Ardhi. Hapa mnazungumzia malisho ya kijiji kizima kwa miaka 40. Mkiuita wa huduma au wa ushirikiano, uzito wake ni uleule. Tena ningekuwa upande wa kampuni ningeutafuta muhtasari wa mkutano mkuu kuliko ninyi, kwa sababu mradi uliosimama juu ya sahihi za wajumbe peke yao siku yoyote mwanakijiji mmoja anaweza kuufikisha mahakamani.

Sasa laigwanani na kampuni. Kampuni inasema kweli kwa jambo moja: umiliki hauhami. Ardhi ya kijiji haiwi ardhi ya jumla (iliyo nje ya vijiji na hifadhi) wala hifadhi kwa mkataba wa kampuni. Kifungu cha 4 kimeweka njia yake, inayoanzia kwa Rais na kupitia kwa Waziri na kijiji. Lakini mzee naye hakukosea. Anachokiona ni kile ambacho mkataba unakinunua hasa.

Kaboni ya udongo inafanya kazi hivi. Nyasi hufyonza hewa ukaa, mizizi huoza, sehemu ya kaboni hubaki ardhini. Mradi unadai kwamba mkibadili namna ya kulisha, mkihamisha makundi kwa zamu na kupumzisha maeneo, nyasi zitaongezeka na kaboni pia. Udongo unapimwa mwanzoni, unapimwa tena baada ya miaka kadhaa, tofauti inakokotolewa kwa tani za hewa ukaa, na kila tani inakuwa cheti kinachouzwa kwa kampuni ya nje inayotaka kufidia uchafuzi wake. Kwa hiyo bidhaa ni ahadi yenu ya kulisha kwa namna fulani kwa miaka 40. Mtoto anayezaliwa Longido leo atakuwa na wajukuu ahadi hiyo ikiwa bado ina miaka michache.

Soma basi kifungu cha mpango wa malisho kabla ya kifungu cha fedha. Mikataba ya aina hii kwa kawaida inasema mifugo italishwa "kwa kufuata mpango ulioidhinishwa", na mabadiliko yanahitaji kibali cha mradi kwa maandishi. Kumbuka ukame wa 2021/22. Nani aliamua alalili, yale malisho mnayoyatenga kwa ajili ya kiangazi, ifunguliwe mapema kwa ajili ya ndama na ng'ombe waliodhoofu? Nani aliamua ronjo, kambi za muda za mifugo, zihamie wapi, na wageni kutoka ng'ambo ya Namanga wapokewe au la? Wazee na kamati ya malisho, pengine jioni moja chini ya mti. Chini ya mkataba huo, mnamwandikia barua pepe meneja wa mradi na kusubiri. Ng'ombe hasubiri barua pepe. Dai kifungu kinachosema wazi kwamba wakati wa ukame uamuzi wa kuhama, kufungua alalili na kupokea majirani ni wa kijiji peke yake, wala hauhesabiwi kuwa uvunjaji wa mkataba. Wakikataa hilo, laigwanani amejibiwa.

Haya si ya kufikirika. Kaskazini mwa Kenya kuna mradi mkubwa wa kaboni ya nyanda za malisho, karibu hekta milioni 1.9, ulioahidi kulisha kwa zamu. Mwaka 2023 Verra, shirika linalotoa vyeti hivyo, liliuweka chini ya uchunguzi. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo ikiwa ndani ya mradi, zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na Verra ikausimamisha tena. Kasoro iliyowaponza ni hiyohiyo uliyoniandikia: ridhaa ilichukuliwa kwa wachache.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanalipita bila kulisoma, nalo mimi linanitia wasiwasi kuliko fedha. Tazama kurasa za mwanzo, panapoelezwa hali ya ardhi kabla ya mradi. Ili kaboni "iongezeke", lazima waonyeshe kwamba sasa hivi mambo ni mabaya. Utakuta sentensi kwamba malisho yameharibika kutokana na ufugaji usio na utaratibu. Kijiji kinasaini hapo chini. Mwaka wowote ujao, mtu akitaka eneo hilo liwe pori la akiba, ana karatasi yenye muhuri wenu inayokiri kwamba ninyi ndio mnaoliharibu. Futeni sentensi hiyo. Andikeni kwamba kijiji kina utaratibu wa asili wa kutenga malisho ya kiangazi na masika, na kwamba mradi unajengwa juu yake.

Kuna hukumu inayowabeba kwenye hili, na ilitolewa hapahapa Arusha. Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya walipofukuzwa, serikali yao ilijitetea kwamba inaokoa msitu. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikataa utetezi huo. Haikuona ushahidi kwamba Waogiek ndio walioumaliza msitu. Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhara mengine, na ardhi yao ya asili iandikishwe kwa hati ya pamoja. Utekelezaji ni habari nyingine.

Hati ya pamoja ndiyo inayonileta kwenye ushauri wangu: msisaini chochote cha kaboni kabla malisho hayajapata hatimiliki ya kimila ya kikundi. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, walikwenda kwa mpangilio huo. Mwaka 2011, wakisaidiwa na UCRT, shirika la hapa Arusha linalosaidia jamii kulinda ardhi zao, walipata hatimiliki ya pamoja ya zaidi ya hekta 20,000. Mradi wao wa kaboni ya misitu na kampuni ya Carbon Tanzania, uliothibitishwa chini ya Plan Vivo, mfumo wa viwango vya miradi ya kaboni, unasimama juu ya hati hiyo na mpango wao wa ardhi, na doria wanafanya vijana wao. Kaboni ya miti ni rahisi kidogo kuifuatilia kuliko ya udongo, ambayo kwenye nchi kame kama yenu hupanda na kushuka kwa mvua kuliko kwa zamu za malisho. Hata hivyo, mpangilio wao unaigika.

Ninyi mko karibu, kwa kuwa cheti na mpango vipo. Wafugaji waunde kikundi chenye katiba, waombe kwa halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu uidhinishe, mipaka ipimwe, kisha hati isainiwe na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, na afisa ardhi wa wilaya aiandikishe. Hati ya mwanakijiji au kikundi cha wanakijiji inaweza kuwa bila ukomo. Kama malisho mnayatumia pamoja na kijiji jirani, sheria inaruhusu makubaliano ya pamoja. Vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa kule Kiteto walipanga nyanda zao kwa pamoja, waulizeni. Na wanawake wawepo mkutanoni kwa wingi, si watatu wa kujaza daftari. Wao ndio wanaojua ndama wanakula wapi.

Fedha nitazipita haraka. Uliza malipo ya awali yatakatwa kwenye mauzo au la, kijiji kitaona vipi bei halisi ya kuuzia, na mkijitoa mwaka wa saba mnarudisha nini. Mgawanyo wa mapato na usajili wa mradi vinaongozwa na Kanuni za Biashara ya Kaboni za 2022, zilizorekebishwa 2023, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Waandikieni, muulize kama mradi huu unajulikana kwao.

Kwa wiki hii, mwandikie mtendaji kuomba mkutano mkuu wenye ajenda hiyo, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, ukieleza kwamba muhtasari uliopo haukuwa na idhini ya mkutano. Baki na nakala iliyopokelewa kwa sahihi. Kukimbilia mahakamani sikushauri sasa: tangu marekebisho ya sheria ya 2020, kuishtaki halmashauri ya kijiji kunataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri liende Mahakama Kuu. Barua inafika mapema.

Rasimu ya mkataba ukiipata, nitumie pamoja na viambatisho vyote. Mara nyingi wanatoa kurasa za maneno na kubaki na ramani, na mimi ramani ndiyo nitakayoisoma kwanza.