Foucault ana neno gani kwa mtu wa Katuba?

SWALI: Ndugu mhariri, nasoma filozofia hapa Lubumbashi. Baba mdogo ananiuliza Wafaransa wa vitabuni watatufaa nini, na bomba halitoi maji, na watoto wa sekondari wanarudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule. Nimjibu nini?
Mwanafunzi, komini ya Katuba

JIBU: Ana haki ya kuuliza. Mjibu kwa kazi, majina yatafuata. Mwaka 1971 Michel Foucault, mwanafalsafa Mfaransa, na wenzake walianzisha Paris kikundi cha kukusanya habari za magereza. Waliwagawia ndugu za wafungwa, waliopanga foleni mlangoni, karatasi za maswali kuhusu maisha ya ndani. Kitabu chake cha magereza, Surveiller et punir, kilitoka 1975, baada ya foleni hiyo.

Nawe anzia bombani. Chagua avenyu moja, nyumba ishirini. Kaa na akina mama watatu wanaochota kila siku, wao ndio watunge maswali. Ukiuliza "Mnateseka?" utajibiwa "Ndiyo" na hutapata kitu. Uliza: jana mlichota bidoni ngapi za lita 20? Mlilipa faranga ngapi, mkononi mwa nani? Ufunguo wa kufuli anao nani? Asiye na pesa, nani anaamua achote au asichote? Swali hilo la mwisho ndilo Foucault mwenyewe: mamlaka hayakai ofisini tu, yanapita hata kwenye kidole kinachozungusha ufunguo.

Wanafunzi wengi huharibu hapa: wanaandika kwamba dola inamwona kila mtu, kwa kuwa kitabu hicho cha magereza kimesema. Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984! Kwetu mtu huumia pia kwa kutoonekana, kwa kukosa hata cheti cha kuzaliwa. Basi geuza swali: nani anafaidika tusipohesabiwa? Msome Mudimbe, mwanafalsafa wa Kongo, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi. Katika L'Odeur du père (1982) anaonya kwamba hata silaha tunazompigia Mzungu huenda tumezipokea kwake.

Kwa minervali, Foucault si chombo chake. Mchukue Bourdieu, mwanasosholojia Mfaransa: yeye na mwenzake Passeron walionyesha mwaka 1964 kwamba mtoto wa wasomi huingia shuleni na lugha ya shule tayari mdomoni. Mtoto wa Katuba anaota kwa Kiswahili, anapimwa kwa Kifaransa.

Karatasi zikijaa, zisomeni kwanza mbele ya waliojibu, palepale bombani, kabla ya profesa kuziona. Baba mdogo naye ajaze yake.