Mbona mwili wa nguruwe zangu haukupigana?

SWALI: Jambo Docta. Mimi ni mama wa Bagira, hapa Bukavu. Nilikuwa na nguruwe kumi na moja, mu juma mbili tisa zikakufa, masikio nyekundu, joto mingi, hazitaki kula. Mutu wa duka la dawa akaniuzisha antibiotiki, nikamaliza minervali (feza ya masomo) ya batoto. Zimebakia mbili. Mbona mwili yao haikupigana? Ngiri za pori wanasema haziugui, ni kweli? Na hizi mbili naweza kuzalisha?

JIBU: Pole sana Mama, nguruwe tisa si kitu kidogo. Dalili zako zinafanana kabisa na homa ya nguruwe ya Afrika, ile watu wa huku wanaita pesti, ingawa ni damu ikipimwa laboratware ndio inathibitisha. Na hiyo antibiotiki inaua bakteria, hiki ni kirusi, hata ungenunua katoni nzima hazingepona, kwa hiyo usijilaumu.

Mwili ulipigana Mama, shida ni kwamba kirusi hiki kinaingia ndani ya askari wenyewe. Kuna chembe za damu zinaitwa makrofaji, kazi yao ni kumeza mdudu yeyote anayeingia, sasa hiki kikimezwa hakifi, kinazaana humohumo, halafu zile chembe zinamwaga kemikali za kuita msaada nyingi kupita kiasi mpaka askari wengine ambao hata hawajaambukizwa wanaanza kufa kwa wingi, mishipa inaharibika inavuja damu, ndio wekundu ule wa masikio. Nguruwe wengi wanakufa ndani ya siku 4 mpaka 10, na kingamwili, yaani silaha ambazo mwili unatengeneza za kukishika kirusi, zinaanza kuonekana kwenye damu karibu siku ya 7 au ya 10, yaani zinafika msibani.

Na hata zikifika hazitoshi. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walichukua nguruwe waliopona kirusi dhaifu, wakawaondolea aina moja ya askari, wale wa kuua chembe zilizoambukizwa (CD8), wakawapa kirusi kikali. Kingamwili walikuwa nazo lakini ile kinga ikaanguka. Ndio maana chanjo imekuwa ngumu hivi. Vietnam wameanza kutumia chanjo za kirusi kilichodhoofishwa tangu 2022, ila zimetengenezwa kwa aina ya 2 ya kirusi hiki, ile iliyoingia Georgia 2007 na China 2018, wakati huku Kivu zimeonekana aina ya 9 na ya 10. Kwa hiyo mtu akikuambia ana chanjo ya pesti ndani ya kifriji chake, mama yangu, funga pochi.

Ngiri ni kweli haugui, kirusi kinamuingia kwa kupe wa mashimoni na anaendelea kula majani yake, wamezoeana tangu zamani sana. Lakini si kwa sababu anaishi porini! Nguruwe mwitu wa Ulaya naye anaishi porini na anakufa kama wa kwako, kwa sababu huyo ni jamii moja na nguruwe wa nyumbani, ngiri ni jamii nyingine. Watafiti walishajaribu kuwapa nguruwe kipande cha jeni ya ngiri, wakaugua vilevile.

Sasa zile mbili. Aliyepona anaweza kubaki na kirusi damuni zaidi ya mwezi huku anaonekana mzima, kwa hiyo usimpeleke jike kwa dume la jirani, usiuze soko la Kadutu, mwite veterineri achukue damu kwanza. Homa hii haishiki mtu, ila nyama na damu zinaibeba mbali, mabaki ya chakula unayowapa yachemke nusu saa nzima. Kama ni kuanza upya, osha banda kwa sabuni halafu javeli (ile dawa ya maji ya kuua vijidudu), liache tupu siku 40, uingize mmoja au wawili tu, uwaangalie wiki 6 kabla ya kuongeza wengine.