Nsunu kwenye kavera, na mgeni anayewinda

SWALI: Salaam Mama Mkaguzi. Mimi naendesha boda hapa Bweyale, Uganda. Majuzi nilimpeleka mzungu mmoja hadi geti la Chobe la hifadhi ya Murchison, njiani akaniambia kwao hali ng'ombe kabisa. Anawinda kulungu mwenyewe, eti ng'ombe wanaharibu hewa na kumaliza ardhi. Sasa hapa kuna jamaa anauza usiku nyama kavu ya nsunu, yule swala wa mbugani, nusu ya bei ya buchani. Nikinunua, si na mimi nimesaidia dunia? Na mbona yeye akiwinda anajisifu, sisi tukiwinda ni jela?
Kijana wa stejini, Bweyale

JIBU: Mwanangu, swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza, ila twende kwa zamu.

Mgeni wako hakudanganya. Ng'ombe akicheua anatoa methani, gesi inayoongeza joto duniani. Lakini nsunu naye anacheua, na nyati pia. Faida yao iko kwingine: nsunu haogeshwi dawa ya kupe, hafyekewi msitu apate malisho, na mbung'o wanaomwangusha ng'ombe wa kizungu yeye amewazoea.

Wala usinione mtu wa kudharau nyama ya porini. Nimekulia Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Enzi hizo viboko wa hifadhi ya Queen Elizabeth walikuwa wamezidi mpaka rasi ya Mweya imebaki udongo mtupu. Kuanzia 1957, kwa miaka kama kumi, wakapunguzwa kwa maelfu na wananchi wakauziwa nyama. Marehemu baba alikuwa akirudi na kipande kimefungwa kwenye jani la mgomba, na mama akikamua mafuta anatugombeza tusiyaguse. Nyasi za Mweya zikarudi. Kule kuna mtu alihesabu kwanza, ndipo bunduki ikalia.

Nyama ya jamaa yako imehesabiwa na nani? Tanzi la waya wa tairi haliulizi kama huyu ni dume zee au jike mwenye mimba, wala kama ni nsunu au simba. Simba wa Murchison ukimwona anachechemea kwa miguu mitatu, ujue amepitia kwenye bucha la jamaa yako.

Hebu tufanye hesabu ya stejini. UWA, mamlaka ya wanyamapori, wakati fulani walihesabu nyati takriban 37,000 nchi nzima. Sensa ya 2024 ilitukuta watu milioni 45.9. Tukichinja wote leo, nyati mmoja ni wa watu 1,240, kila mtu kama gramu 200. Mlo mmoja na posho, ugali wetu, basi, nyati kwisha. Duniani kote ni hivyo hivyo: ukipima uzito wa mamalia wote, wa porini na baharini ni kama asilimia 4 tu. Zinazobaki ni sisi na mifugo yetu. Hawatutoshi.

Halafu kuna muhuri wa ukaguzi wa nyama, na hapa ndipo penye kazi yangu. Kwa miaka mingi machinjioni nilimtazama mnyama mara mbili: akiwa hai, anavyosimama na anavyopumua, kisha akiwa ananing'inia, nakata tezi, napasua maini, napapasa mapafu kutafuta kifua kikuu. Nyama ya kwenye kavera, mfuko wa plastiki, imepapaswa na nani? Nyati wa porini wanabeba kifua kikuu na ugonjwa wa kutupa mimba. Mwaka 2004 na 2005 kimeta kiliua viboko zaidi ya 200 huko huko kwetu Queen Elizabeth. Na kukausha nyama hakuui kimeta. Jamaa akikuambia alimkuta mnyama "amejifia", kimbia na boda yako.

Sasa la pili. Mgeni wako kwao ana kibali, na ameambiwa apige wangapi na msimu gani. Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1979. Mwaka 2001 ukajaribiwa upya kwenye ranchi zilizo kando ya Ziwa Mburo, ambako wafugaji waliwaona impala kama wezi wa majani. Mgeni analipa, na sehemu ya pesa inabaki kwa wenye ardhi na kijiji. Kwa hiyo mwenye dola anapiga, wewe unafungwa. Inakuuma? Na mimi inaniuma. Namibia mkulima alipewa haki juu ya swala walio shambani mwake, nyama yao inauzwa dukani mchana kweupe. Sheria yetu nayo ina vibali vya kufuga wanyamapori, hata vya kuwaweka ranchi, ila ni nani kijijini aliyewahi kuelezwa? Mkutano wa LC, baraza la kijiji, ujao uliza hilo, na uulize asilimia 20 ya pesa za geti la hifadhi inayorudishwa kwa wananchi imefanya nini kwenu.

Kama ni utamu wa porini unautaka, Ghana na Benin wanafuga ndezi, mnyama kama panya mkubwa, yule Waacholi wanamwita anyeri. Mimba yake ni miezi mitano, na hapa utahitaji kibali cha UWA. Kwa haraka zako fuga sungura: siku 31 amezaa, na hakuna askari atakayekugongea mlango. Majike watatu na dume mmoja wanatosha kuanzia. Siku ukinialika, nionyeshe maini kwanza. Yakiwa na madoa meupe, mimi nitakula posho na maharage.