Mikogo si maji ya kuoga: kwa mnaoanza kuchambua magazeti ya zamani

Kila kundi jipya likikabidhiwa magazeti ya zamani na kuambiwa lifuatilie maneno ya kujionyesha, yaani maringo, madaha, mbwembwe, tambo na mikogo, kadi za kunakilia ushahidi wa kila neno kwa ajili ya kamusi hurudi na makosa yaleyale. Wanangu, kazi hii ni tamu, na inauma kuiona ikiharibiwa na haraka. Shikeni haya.

1. Kadi iwe na jina la gazeti, tarehe, ukurasa, safu, na sentensi nzima pamoja na iliyoitangulia na iliyoifuata. Kadi isiyo na tarehe haifai kitu.

2. Mikogo. Hapa ndipo wengi wanapozama. Mtu anatafuta "koga" katika Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923. Anapata mavuno, anafurahi, anaandika kwamba watu wa enzi hizo walipenda sana kukogana. Kumbe kadi zake kadhaa zinahusu watu waliokuwa mtoni na sabuni. Koga ni kujionyesha, lakini koga ni kuoga pia, na wapo wanaosema hivyo mpaka leo.

Tazameni sentensi hii ya kutunga: "Bwana harusi amekoga, amevaa kanzu, ametoka." Ukiipitia mbiombio unamwona anatembea kwa maringo. Ukiifuata hatua kwa hatua unaona maji kwanza, nguo baadaye.

Dawa ni kutazama kiambishi cha mtendwa. Anayejionyesha lazima awe na wa kumwonyesha: anamkoga jirani, wanatukoga. Koga ya maji haimbebi mtu mwingine hivyo; ukimtaka unaingia kauli ya kutendesha: anamkogesha mtoto. Kiambishi kisipokuwapo, angalieni majirani wa neno. Ndoo, kisima na sabuni ni upande mmoja. Nguo mpya, mwendo na macho ya watu ni upande wa pili. Nomino mkogo na mikogo hazitoki kwenye kuoga, kwa hiyo anzeni nazo, kisha mrudi kwenye kitenzi mkiwa mmeshaijua sura yake. Mkitumia mashine, tafuteni neno zima pamoja na viambishi vyake (amekoga, wanatukoga), la sivyo mtaokota na ukoga wa meno.

Kadi ikibaki na utata, iende kwenye bahasha ya utata, isihesabiwe. Najua inauma kuiacha, hasa ikiwa ndiyo ya zamani kuliko zote. Lakini kadi moja ya kuoga ikiingia kama ya kujionyesha, kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa katika kamusi, kinapewa umri usio wake, na atakayekuja atanakili bila kurudi gazetini. Kulisafisha kosa la namna hiyo ni kufungua upya kila kadi iliyolitegemea.

3. Mashairi yawekwe fungu lake. Magazeti yale yalichapisha mashairi mengi. Shaaban Robert mwenyewe aliandika katika Mambo Leo. Mshairi mwenye mshororo wa mizani 16 na kina cha "go" anaweza kuchukua mikogo kwa sababu inakaa vizuri na mizigo na mapigo, mahali ambapo mwandishi wa habari angesema maringo. Ushahidi ni wa kweli, ila hauna uzito sawa na barua ya msomaji.

4. Tambo. Leo ukurasa wa michezo umejaa tambo za mabondia kabla ya pambano, na nyinyi mnaichukua maana hiyo mnairudisha nyuma miaka yote. Kutamba ni kujigamba na kutembea kwa maringo, na pia ni kusimulia: mtambaji wa ngano hamtishi mtu. Kabla ya kuandika "majigambo" kwenye kadi, ulizeni anayetamba anatamba nini.

5. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 na ile ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya 1981 zifunguliwe baada ya kusoma gazeti. Mkianza na kamusi, macho yataona kile tu mlichokwisha kuambiwa.

6. Safu za magazeti ni nyembamba na maneno hukatwa mwisho wa mstari: "mari-" huku juu, "ngo" huku chini. Mashine hulipita neno hilo bila kuligusa. Tafuteni vipande vyote viwili, kisha someni ukurasa wote kwa macho, hata pale mashine inaposema hakuna kitu.