Windows XP ya mteja: anzia kwenye waya, si kwenye folda

Ukishika ufundi wa kompyuta hapa mjini, hii kazi utaikuta tu. Ofisi ya mabango na stika ina kompyuta ya XP pembeni, inayoendesha mashine ya kukatia stika. Mwenye ofisi hataki kusikia habari ya kuibadilisha, maana draiva ya mashine yake haikuwahi kutolewa kwa Windows mpya. Anachotaka ni michoro iliyotengenezwa kwenye Windows 10 ifike kule bila mtu kuzunguka na fleshi. Ombi lake ni la haki kabisa. Usimwambie anunue mpya.

Kabla hujagusa chochote, toa nakala ya diski nzima. Diski hizo zimechoka, na mara nyingi sidii ya draiva ilishapotea.

Mara yangu ya kwanza nilikimbilia ruhusa za folda. Nilishinda kutwa nzima nikizima na kuwasha, kumbe kompyuta yenyewe haikuwa hata na anwani ya mtandao (IP). Sasa naanzia chini: taa ya kadi ya mtandao inawaka? Fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, mashine imejipa yenyewe baada ya kuomba anwani na kukosa wa kuijibu, kwa hiyo shughulika na waya, swichi na ruta. Kisha piga ping, amri ya kujaribu kama kompyuta moja inaifikia nyingine, kutoka pande zote mbili. Ikipita upande mmoja na kukataa mwingine, waya ni mzima, tazama fayawoli, ulinzi unaozuia mawasiliano ya mtandao.

Ping imepita lakini folda haifunguki? Hapo wengi huitangaza XP kuwa imekufa, wakati tatizo ni lugha, yaani SMB, ambayo Windows huitumia kupeana faili kwenye mtandao. XP inajua SMB1 peke yake. SMB2 ilikuja na Windows Vista, na kuanzia Windows 10 toleo la 1709, la Oktoba 2017, Microsoft ilianza kuiondoa SMB1 kwenye mashine zinazosimikwa upya. Ilikuwa na sababu nzito. Mei mwaka huohuo WannaCry, programu haribifu inayofunga faili na kudai fidia, ilisambaa kwa kupitia kasoro ya SMB1, ikafunga faili za watu nchi nyingi na kukwamisha hospitali za Uingereza. Kiraka cha kuziba kasoro hiyo kilikuwa kimetoka tangu Machi, ila XP, ambayo msaada wake ulikoma Aprili 2014, ilitolewa cha dharura baada ya balaa kuanza.

Kwa hiyo utakaposhauriwa uwashe SMB1 kwenye kila Windows 10 ya ofisi, kataa. Kazi itaisha kwa dakika tano, lakini utakuwa umefungua mlango hadi kwenye kompyuta ya mhasibu. Niliwahi kufanya hivyo, nikarudi baadaye kuizima SMB1 kwenye mashine moja baada ya nyingine.

Mimi naweka mashine ya kati: kompyuta kuukuu yenye Linux na Samba, programu inayoiwezesha Linux kupeana faili na Windows kwa SMB, na kadi mbili za mtandao. Kadi moja inakwenda kwenye swichi ya ofisi, nyingine kwa XP peke yake. Windows 10 inaweka faili humo kwa SMB ya kisasa, XP inazichukua kwa SMB1. Kwenye XP andika anwani ya kudumu, halafu sehemu ya geti (default gateway) iache tupu ili isiwe na njia ya kwenda intaneti.

Samba nayo, tangu toleo la 4.11, inakuja SMB1 ikiwa imezimwa. Ndani ya smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, ongeza server min protocol = NT1. Baada ya hapo unaweza kukuta pasiwedi sahihi inakataliwa tena na tena, na hili limenitesa kuliko yote. XP kwa kawaida hutuma uthibitisho wa pasiwedi wa zamani, NTLM, ambao Samba imekuwa ikiukataa tangu 4.5. Usiilegeze Samba. Ingia kwenye rejista ya XP (regedit), weka LmCompatibilityLevel kuwa 3, uwashe upya; itaanza kutumia NTLMv2, ambayo Samba inaipokea.

Mwisho, badilisha betri ya saa, CR2032. Ikifa, tarehe hurudi nyuma kila umeme ukikatika, na mkataji wa stika anaweza kuchukua mchoro wa zamani akidhani ndio mpya. Anwani zote mbili, ya XP na ya mashine ya kati, na jina la akaunti ziandike kwenye karatasi, uibandike ndani ya mfuniko wa kasha la kompyuta, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yako.